Mimi ni Mzima, Hofu ni Kwenu Nyumbani



Wapendwa waamini, katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 17, kabla hatujafika kwa Goliathi na kombeo, kuna jambo dogo ambalo mara nyingi tunalipita haraka. Mzee Yese ana wana watatu vitani. Anamwita kitinda mimba wake, Daudi, anampa bisi na mikate kumi awapelekee kaka zake kambini, na anamwagiza atazame hali zao kisha amletee alama ya kuonyesha kwamba wapo salama. Kwa hiyo Daudi hakwenda kambini kupigana. Alitumwa kupeleka chakula na kurudi na habari.

Juma hili nimekaa zaidi na mzee Yese kuliko na Daudi. Naomba niwaeleze sababu yake, na katika kueleza itanilazimu niseme jambo moja la utoto wangu ambalo sijapata kulisema mimbarini.

Mwaka 1978, majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera na vijana wetu wakaitwa vitani, nilikuwa na umri wa miaka 11. Jirani yetu mmoja, mama mtu mzima ambaye watoto wote wa kitongoji tulimwita Bibi, alikuwa na mwanawe jeshini. Bibi alikuwa amehitimu kisomo cha watu wazima na cheti chake alikitundika ukutani, lakini macho yalikwisha kuingiwa na ukungu. Kwa hiyo barua ilipofika, mimi ndiye niliyeitwa kuisoma, na jibu lilipohitajika, mimi ndiye niliyeandika. Malipo yangu yalikuwa muhogo wa kuchoma.

Barua za yule askari zilianza sawasawa na barua zote za siku zile. Kwanza salamu nyingi, kisha maneno haya: mimi huku ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwenu nyumbani. Bibi alikuwa akinisimamisha hapo. "Rudia, mjukuu wangu." Nilirudia. Aliitaka sentensi hiyo hata mara tatu kabla ya kuniruhusu kuendelea, kana kwamba barua nzima ilikuwa imeandikwa kwa ajili ya mstari ule tu.

Miaka mingi baadaye, nikiwa padre tayari, nilipata kusoma vitabu vilivyokusanya barua za askari wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, vilivyopiganwa tangu mwaka 1861 hadi 1865. Nilistaajabu. Vijana wale, wengi wao watoto wa wakulima, walianza barua zao kwa namna ileile: nachukua kalamu kuwajulisheni kuwa mimi ni mzima, na natumaini mistari hii michache itawakuta nanyi katika hali hiyohiyo. Barua kwa barua, kambi kwa kambi, upande wa Kaskazini na upande wa Kusini. Nilikifunga kitabu nikaisikia sauti ya Bibi: "Rudia, mjukuu wangu."

Vita vile vilitokana na utumwa. Majimbo 11 ya Kusini yalijitenga ili kuulinda utaratibu uliowafanya watu wapatao milioni 4 wenye asili ya Afrika kuwa mali ya watu wengine. Kwa muda mrefu idadi ya askari waliokufa ilitajwa kuwa 620,000. Watafiti wa miaka ya karibuni wanasema walizidi hapo, huenda walifika 700,000 au zaidi. Na hapa ndipo neno "mzima" linapopata uzito wake: takribani theluthi mbili ya askari hao hawakuuawa kwa risasi. Walikufa kwa maradhi. Vijana waliokulia mashambani, mbali na mikusanyiko ya watu, waliingia kambini wakakutana kwa mara ya kwanza na surua. Wakafuata wagonjwa wa kuhara na homa ya matumbo, kwa kuwa vyoo vilichimbwa karibu na maji ya kunywa na hakuna aliyejua bado kuhusu vijidudu. Aliyeandika kwamba yu mzima alikuwa akiandika habari kubwa.

Tukifikiria vita tunafikiria mapigano. Lakini siku nyingi za askari hupita kambini. Askari wa Kaskazini alibeba nusu ya hema mgongoni na mwenzake akabeba nusu ya pili. Jioni waliziunganisha kwa vifungo wakalala wawili chini yake. Wakati wa baridi walijenga vibanda vya magogo vyenye bomba la moshi la vijiti na udongo. Kutwa nzima ilikuwa gwaride, kuchota maji, kukata kuni, kulinda zamu na gwaride tena. Chakula kilikuwa nyama ya nguruwe iliyotiwa chumvi, kahawa, na biskuti za unga na maji zilizokuwa ngumu kiasi cha kuvunjwa kwa kitako cha bunduki. Walizilowesha katika kahawa ya moto, na kama zilikuwa na wadudu, wadudu wakaelea juu wakaondolewa, kahawa ikanywewa.

Upande wa Kusini kahawa iliadimika kwa sababu meli za Kaskazini zilizifunga bandari zao, lakini tumbaku walikuwa nayo. Basi mahali ambapo majeshi mawili yalitazamana kuvuka mto, kama pale Rappahannock katika Virginia, walinzi wa pande zote mbili walitengeneza mashua ndogo za kuchezea, wakazipandisha tanga na kuzivusha: tumbaku ikaenda huku, kahawa ikarudi kule, na pamoja nayo magazeti. Hata adui aliombwa habari. Kesho yake watu walewale waliweza kupigana risasi.

Wapo waliowahudumia watu hao bila kuuliza ni wa upande gani. Zaidi ya masista 600 wa mashirika mbalimbali waliuguza majeruhi. Padre William Corby wa Shirika la Msalaba Mtakatifu, aliyekuwa padre wa kijeshi wa Brigedi ya Waairishi, alisimama juu ya mwamba huko Gettysburg tarehe 2 Julai 1863, akawapa askari wake maondoleo ya jumla dakika chache kabla hawajaingia vitani. Sanamu yake, mkono umeinuliwa, ipo mahali pale tangu mwaka 1910. Mapadre wa kijeshi walikuwa na kazi nyingine isiyowekewa sanamu, nayo ni kukaa kando ya mtu anayekata roho wakiandika anayotaka mama yake aambiwe.

Barua zilipita kwa wingi mno. Tangu mwaka 1861 askari wa Kaskazini aliruhusiwa kutuma barua bila stempu, bahasha ikaandikwa kuwa ni barua ya askari, na aliyeipokea nyumbani akalipa senti 3. Kusini karatasi ilipokwisha, watu waligeuza bahasha nje ndani wakazitumia tena, wakatengeneza nyingine kwa karatasi za kupambia kuta. Wengine walipojaza ukurasa waliuzungusha wakaandika tena juu ya maandishi yale, mistari ikapishana kama ukili wa mkeka. Katika majimbo ya mpakani kama Kentucky na Missouri, ndugu wa tumbo moja walijikuta katika majeshi mawili. Na aliyetaka kuvusha habari kwenda upande wa pili aliandika ukurasa mmoja tu, akauacha wazi bila kufunga bahasha, ili maofisa wausome kwanza.

Mjini Cleveland husimuliwa kwamba karani mmoja wa posta, Joseph Briggs, aliwatazama wanawake waliopanga foleni katika baridi kali wakingoja barua za waume na wana wao, wengine wakirudi mikono mitupu na wengine wakiifungua habari ya msiba palepale mbele ya watu. Hakuridhika. Tangu tarehe 1 Julai 1863 posta ya Marekani ilianza kupeleka barua bure hadi nyumbani katika miji mikubwa, na Briggs anakumbukwa kati ya waasisi wa utaratibu huo. Hata msiba unastahili mlango wa kuufungia.

Sasa tufike kwenye swali lililonikosesha usingizi. Barua itokayo nyumbani iseme nini?

Kusini, wakubwa wa jeshi na wahariri wa magazeti waliwasihi wanawake waandike barua za furaha. Walikuwa na sababu. Njaa ilikuwa imeingia. Tarehe 2 Aprili 1863 wanawake wa Richmond, makao makuu ya serikali ya Kusini, walivunja maduka wakidai mikate. Mke alipomwandikia mumewe kwamba watoto hawajala, mume aliweka bunduki chini akarudi nyumbani, na mwelekeo huo uliongezeka sana katika miezi ya mwisho ya vita. Kwa hiyo wanawake wakaambiwa: msiwasumbue. Wafanyeni wadhani mambo ni mazuri.

Mimi nilifikiri vivyo hivyo nikiwa na miaka 11, bila kufundishwa na mhariri yeyote.

Yule askari wa kwetu alikuwa ameacha nyumbani mke na mtoto wa kike wa miaka miwili. Mwanzoni mwa mwaka 1979 surua ilipita kitongojini, na mtoto yule akafariki. Tulimzika, tukakaa matanga, wanawake wakalala pale, siku zikatimia, matanga yakaondolewa. Kisha Bibi akaniita, akaketi kwenye kigoda karibu na mlango, akanisomea la kuandika. Alisema polepole: "Mwambie mtoto ametutoka. Mwambie hakuteseka muda mrefu. Mwambie mkewe anakula, tunamtunza."

Niliinama juu ya karatasi. Nilimwona yule kaka akiwa msituni na bunduki, akiisoma barua ile, machozi yakimziba macho, na risasi ikija. Nikaandika: sisi huku wote ni wazima. Nikaandika na habari za mvua. Bibi akaniomba nimsomee nilichoandika, nami nikamsomea maneno yake yeye, neno kwa neno, kutoka kichwani. Kisha nikafunga bahasha.

Katika vitabu vile nilivyovitaja nimeikuta barua moja ambayo sikuweza kuipita. Iliandikwa tarehe 19 Januari 1864 katika mji mdogo wa Paris, jimbo la Missouri, na mwanamke mtumwa aitwaye Ann, kwa mumewe Andrew Valentine, ambaye alikuwa amejiunga na jeshi la Kaskazini. Watu weusi wapatao 180,000 waliingia jeshi hilo. Lakini Missouri lilikuwa jimbo la utumwa ambalo halikujitenga, kwa hiyo tangazo la Rais Lincoln la mwaka 1863 la kuwaachia huru watumwa halikuligusa, na wake wa askari hao walibaki mikononi mwa mabwana wenye hasira.

Ann hakuweza kuandika mwenyewe, jirani alimwandikia. Na hakuficha neno. Alimwambia mumewe kuwa anatendewa vibaya na hali inazidi kuwa mbaya kila siku. Alimwambia mtoto wao analia akimtaka. Aliomba fedha kidogo. Kisha mwanamke huyo, aliyekuwa katika mateso, alimsihi mumewe asihangaike mno kwa ajili yake, kwa kuwa haitachukua muda mrefu atakuwa huru, na hapo kila watakachokichuma kitakuwa chao. Mwishoni aliongeza ombi: katika barua ijayo umtumie binti yetu shanga, apate kukukumbuka kwazo.

Chini ya hayo yule jirani aliongeza maneno yake mwenyewe kwa Andrew. Bwana aliyemmiliki Ann amemkataza kuja nyumbani kwangu, alisema, kwa hiyo hatuwezi tena kumsomea barua zako faraghani. Usiandike mara kwa mara. Na ukiandika, usionyeshe kama umepata barua kutoka kwake.

Nimekaa muda mrefu na mtu huyo wa pili. Aliandika barua kwa niaba ya mwanamke asiyejua kuandika, kama nilivyofanya mimi. Alikuwa na sababu nzito kuliko yangu ya kulainisha mambo, kwa sababu askari aliyesoma habari zile angeweza kutoroka kambini akarudi kwa kisasi. Naye aliandika alichoambiwa. Habari ile ilikuwa chungu, lakini ilimwacha Andrew akiwa bado mume na bado baba. Alijua mkewe anaumia. Alijua mtoto analia. Alikuwa na kitu cha kufanya: kutafuta shanga.

Amosi Humiston naye, sajini kutoka New York (jina lake wao huliandika Amos), alikutwa Gettysburg mwaka huo wa 1863, amekufa, akiwa na picha ya watoto watatu iliyopigwa juu ya kioo. Hakuwa na barua wala kitambulisho. Askari wa siku zile hawakupewa vibati vya majina. Magazeti hayakuweza kuchapa picha, kwa hiyo tarehe 19 Oktoba gazeti moja la Philadelphia liliieleza kwa maneno: mvulana mkubwa amevaa vazi la kitambaa kilekile cha gauni la dada yake. Habari zikaenea magazetini. Katika mji wa Portville mama mmoja, Philinda, aliyekuwa amemtumia mumewe picha ya namna hiyo na hakupata barua yake tangu mapigano yale, alipata maelezo hayo. Akaomba nakala ya picha. Ilipofika ilikuwa ya watoto wake. Hivyo ndivyo alivyopata kujua kwamba ni mjane, na kwamba saa ya mwisho mumewe alikuwa akiwatazama watoto.

Turudi kwetu. Vita vilikwisha, na yule askari wetu alirudi akiwa hai, na kitongoji kizima kilimpokea kwa vigelegele. Alipofika kwa Bibi alifungua begi lake la turubai akatoa viatu vidogo vyekundu alivyovinunua Bukoba njiani. "Yuko wapi mwanangu?"

Vigelegele vilikoma. Watu walitazama chini. Askari akatoa mfukoni barua yangu, imekunjwa mara nne, imechakaa kwenye mikunjo. "Mama, mliniandikia kwamba wote ni wazima."

Bibi aligeuza uso akanitafuta. Macho yake hayakuona vizuri, lakini alinipata. Nilisimama nyuma ya mlango, sikutamka neno. Kisha akamgeukia mwanawe akasema: "Nisamehe, mwanangu. Sikutaka kukuumiza." Aliubeba uongo wangu akaufanya wake, mbele ya mkwewe na mbele ya majirani wote.

Usiku ule yule mtu alilia hadi alfajiri. Nyumba yetu ilikuwa jirani, nilimsikia.

Nilipokuwa seminarini nilimwendea Bibi nikamwomba msamaha. Alicheka kwanza, akasema alikwisha kusahau, jambo ambalo halikuwa kweli. Nikamwambia nilimwonea huruma mwanawe. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Najua. Lakini sisi tulilia pamoja, mjukuu wangu. Yeye ulimwacha alie peke yake, matanga yalikwisha kuondolewa."

Wapendwa, kwa maneno hayo nilielewa kitu ambacho miaka yangu yote ya teolojia haikuwa imenipa. Nilidhani nimemlinda askari. Kumbe nilimtoa nje ya nyumba yake. Watu wake waliingia katika msiba, naye nikamwacha mlangoni akiwa na habari za mvua. Sisemi kila jambo lisemwe kwa kila mtu na kwa kila saa. Bibi mwenyewe alichagua maneno: hakuteseka muda mrefu, mkewe anakula, tunamtunza. Ukweli alikuwa ameuvika nguo. Mimi niliuzika.

Siku hizi hatuandiki barua. Tuna simu, na habari hufika kwa nukta moja. Lakini naona ofisini kwangu mambo yaleyale. Mama analazwa, na watoto wanakubaliana kwamba dada aliye kazini mbali asiambiwe, "atachanganyikiwa". Baba anapoteza kazi, na kijana aliye chuoni anaambiwa kila kitu kipo sawa. Na walio mbali nao hutujibu vilevile: mimi mzima. Wiki hii nawaomba kila mmoja amfikirie ndugu yake mmoja aliye mbali, awe kazini, hospitalini, gerezani au lindoni, ajiulize kama ndugu huyo bado yumo ndani ya nyumba au amesimama mlangoni. Kisha ampigie. Amwambie kwa upole. Abaki naye kwenye simu wakati analia.

Tuwaombee pia wote waliotawanywa na vita vya wenyewe kwa wenyewe, hasa ndugu zetu wa Sudan, ambako mapigano yalizuka Aprili 2023, na familia nyingi zikapotezana bila hata salamu.

Vile viatu vyekundu Bibi alivihifadhi sandukuni. Miaka mitatu baadaye mtoto mwingine wa kike alizaliwa katika nyumba ile, na alipoanza kutembea alivalishwa. Nilikuwa likizo, nikamwona akipita uani navyo, vimemzidi kidogo. Baba yake aliniona ninavyotazama. Akaniita, akasogeza kigoda, tukala muhogo.

Mungu awabariki nyote. Niwatakie Dominika njema.